Picha Yangu Kwenye Gari la Shangazi

Asubuhi zangu huanza kwa vidole. Nikifumbua macho tu, kabla sijasema neno, najaribu kukunja vidole vya mkono wa kulia, kimoja kimoja. Vikikunjika, siku itakuwa njema. Vikikataa, najua na magoti yatakataa, na vifundo vya miguu pia, na kutoka kitandani hadi bafuni itakuwa safari ndefu.

Naitwa Khawla. Nina miaka kumi na mitatu, na nina baridi yabisi. Najua unachotaka kusema, maana kila mtu hukisema: "Mtoto kama wewe? Si ugonjwa wa wazee huo?" Nimechoka na swali hilo, kwa hiyo nitalijibu mara moja tu. Watoto nao huupata. Viungo vyangu huvimba na kukaza, hasa asubuhi. Nachomwa sindano kila wiki na nafanya mazoezi ya kunyoosha viungo. Siku nyingine natembea vizuri hata usingejua kitu. Siku nyingine siwezi kufungua chupa ya maji.

Mtu aliyenielewa kuliko wote alikuwa Bibi Mastura, mama yake Baba. Tunaishi naye nyumba moja hapa Ansab, katika nchi ya Kiarabu. Kila asubuhi baada ya sala alikuja chumbani kwangu na taulo aliyoichovya kwenye maji ya moto, akanifunga nayo magotini, akaketi pembeni ya kitanda.

"Pole pole, mjukuu wangu," alikuwa akisema. "Hakuna anayetufukuza."

Siku moja nilimkuta ameshika ukuta kwa mikono miwili, anashuka ngazi kiubavu, uso umemkunjamana. Aliponiona akashtuka.

"Usimwambie mtu," akaninong'oneza. "Magoti yangu yashakwisha. Lakini nikisema, baba yako ataniweka kitini niwe mgonjwa wa kuja kutazamwa. Nna heshima yangu, Khawla."

Nikamwahidi, na ahadi hiyo niliitunza mwaka mzima. Hata Mama sikumwambia.

Mwaka jana Baba aliniombea kibali cha maegesho. Ni kadi yenye alama ya kiti cha magurudumu, jina langu na picha yangu, na huwekwa mbele ya kioo cha gari ili turuhusiwe kuegesha karibu na mlango. Siku ya kupigwa picha nililia. Sikutaka shule nzima ijue. Bibi ndiye aliyenifuta machozi na kuniweka sawa mtandio.

"Kadi hii ni amana," akasema. "Ikitoka garini itakaa kwenye ndoano ya funguo, na haitotumika bila ya wewe mwenyewe kuwamo. Mimi ndiye mlinzi wake. Nakuahidi."

Nikaamini. Nisingeamini vipi? Alikuwa Bibi.

Sasa lazima nikueleze jambo moja juu ya Bibi, la sivyo hutaelewa yaliyotokea. Bibi hawezi kuwa na kitu akawa nacho peke yake. Mtu akileta halwa, atawagawia watu wa nyumba zote kabla yeye hajaionja. Kila Ijumaa watoto wake wote huja kula kwake: Ami Murshid na mkewe, Shangazi Mahbuba na mwanawe Azzam anayesoma chuo, na wengine. Hakuna anayeruhusiwa kuondoka bila hotipoti ya biriani ya kupeleka nyumbani. Ukikataa, ataikimbiza mpaka garini. Ndivyo alivyo, na sote tunampenda kwa hilo.

Basi, mwezi wa nne shule yetu ilichaguliwa kushiriki maonyesho ya wanafunzi kwenye jumba moja la maduka huko Bawshar. Mimi na rafiki yangu Balqees tulitengeneza mfano wa falaji, ule mfereji wa kale unaopeleka maji mashambani kwa zamu. Balqees alichimba vijito kwenye ubao na kutia pampu. Mimi, ambaye vidole vyangu havina nguvu lakini mdomo unazo, nilipewa kazi ya kueleza. Majaji wangepita saa kumi kamili jioni ya Jumamosi. Nilifanya mazoezi wiki tatu. Nilijua kila neno, hasa ile sehemu ya zamu: jinsi kila shamba lilivyo na saa yake ya maji, na jinsi shamba linavyokauka mtu mwingine akijichukulia saa hiyo.

"Usichelewe," Balqees aliniambia Alhamisi. "Mimi mbele ya watu huwa bubu."

"Nitafika kabla yako," nikamjibu.

Jumamosi vidole vilikataa. Hata hivyo Bibi alinifunga taulo mara mbili, nikanyooshanyoosha viungo, na saa tisa na nusu nilikuwa garini na Mama. Tuliingia kwenye maegesho ya chini ya jumba, ambako nafasi mbili za wenye ulemavu ziko ubavuni mwa lifti. Moja ilikuwa na gari la mzee mmoja, kiti chake cha magurudumu kinateremshwa. Nyingine ilikuwa na gari jekundu.

Mlinzi wa maegesho alikuwa kijana wa Kitanzania aitwaye Elias, ambaye Mama humsalimia siku zote.

"Samahani sana mama, hapa pamejaa," akasema. "Zunguka kule mwisho."

"Kaka Elias, mwanangu leo hawezi kutembea mbali. Kadi yetu hii hapa."

Elias akaitazama kadi. Akanitazama mimi. Akaitazama tena kadi, kwa muda mrefu mpaka nikaona aibu.

"Hivi huyu ndiye binti wa kwenye picha?"

"Ndiye. Kwani vipi?"

"Mama, mimi picha hii naiona kila siku. Juzi ilikuwa kwenye gari jeupe, akashuka kijana anakimbia. Wiki iliyopita kwenye gari la bwana mmoja mwenye haraka. Na sasa hivi ipo pale." Akaonyesha gari jekundu. "Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto ana magari mangapi? Maana yeye mwenyewe sijawahi kumwona."

Nikageuza shingo. Nyuma ya kioo cha gari jekundu nikajiona mimi, na mtandio wangu uliowekwa sawa na Bibi, natabasamu.

"Hilo si gari la Mahbuba?" Mama akasema polepole.

Lilikuwa la Shangazi Mahbuba. Shangazi ni mzima wa afya. Ghorofa ya tatu ya jumba lile kuna ukumbi wa mazoezi, na yeye huenda huko kila Jumamosi. Hebu fikiria: aliegesha kwenye nafasi yangu ili asitembee, apande juu akakimbie kwenye mashine!

Mama akampigia simu. Haikupokewa. Magari matatu nyuma yetu yakaanza kupiga honi.

"Shuka hapa hapa, Khawla," Mama akasema. "Mimi nitakwenda kuegesha."

Nikafungua mlango. Mguu mmoja ukatoka. Wa pili ukakataa kukunjuka, nikaushika kwa mikono yote miwili nikiusukuma, na honi zikazidi. Mtu mmoja akatoa kichwa dirishani akapiga kelele kwa Kiarabu kwamba tunamchelewesha. Nilihisi dunia nzima inanitazama goti. Nikaurudisha mguu ndani, nikafunga mlango.

"Twende kule mwisho," nikasema. "Nitatembea."

Nilitembea hatua mia mbili na kumi na mbili. Nilizihesabu. Kwenye nguzo ya tatu nikashindwa, nikaegemea ukuta natokwa na machozi, na Elias akaja mbio na kiti chake cha plastiki ili nikae kidogo. Nilipofika juu ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Majaji walikuwa wameshapita.

Balqees alikuwa amesimama kando ya falaji letu. Maji yalikuwa yanazunguka vizuri kabisa.

"Nilikusubiri," akasema. "Nilijaribu mwenyewe. Nilipofika kwenye zamu nikasahau kila kitu. Nikabaki nimesimama tu, Khawla. Wakaandika, wakaenda."

"Balqees, nafasi yetu ya gari ilikuwa..."

"Na kuna jambo jingine. Kaka yangu anasoma chuo kimoja na Azzam wenu. Anasema Azzam anaegesha pa walemavu na kadi yenye picha yako. Wenzake wanasema wewe huumwi, mnadanganya tu. Nikakutetea. Nikagombana na kaka yangu kwa ajili yako!" Akanikazia macho. "Uliwapa wewe?"

"Sikuwapa! Wallahi sikuwapa."

"Basi nani kawapa?"

Jibu nilikuja kulipata maegeshoni, wakati wa kuondoka. Shangazi Mahbuba alikuwa anafungua gari lake, taulo shingoni, uso unang'aa kwa jasho.

"Khawla, kipenzi changu! Na nyie mmekuja?"

Mama hakumsalimia. Akaonyesha kioo cha gari kwa kidole.

"Aa, hii? Si Bibi katupa!" Shangazi akacheka. "Ijumaa ile, pamoja na hotipoti ya biriani. Sote katupa, kila mmoja na yake. Ni dakika arobaini tu jamani, msikasirike."

Njia nzima nilikuwa naomba iwe uongo. Nilikuwa tayari Shangazi awe mwizi, Azzam awe mwizi, yeyote awe mwizi, ila Bibi.

Tulimkuta jikoni anachambua mchele.

"Bibi, umewapa watu kadi yangu?"

"Nimewapa kopi," akasema, bila hata kuacha mchele. "Azzam alikwenda kuzitoa kule Hamriya, za rangi, wakazitia na plastiki. Zimetoka tano, nzuri kama yenyewe. Yako si ipo pale pale?"

"Uliniahidi!"

"Mwanangu, we uko skuli kutwa nzima, kadi imekaa bure. Nikasema Mungu katuletea wepesi nyumbani kwetu, kwa nini wenzio wahangaike na jua? Hawa si watu wa nje. Ni wetu."

"Sasa na maumivu yangu umewagawia?" Sauti yangu ilitoka kubwa, mpaka mwenyewe nikashtuka. "Nani kachukua goti? Nani kachukua vidole? Mbona haya nimeachiwa mimi peke yangu?"

"Khawla! Adabu!" Mama akasema.

Nikaenda chumbani, nikafunga mlango kwa ufunguo. Asubuhi Bibi alipogonga na taulo yake, sikufungua. Wala siku ya pili. Nilijifunga taulo mwenyewe, vibaya, maji yakachuruzika hadi kwenye godoro. Wiki nzima nilimjibu kwa "ndiyo" na "hapana". Niliumia viungo, na nikaumia zaidi ndani, kwa sababu adui ningejua la kumfanya. Bibi sikujua la kumfanya.

Ijumaa wote wakaja. Baba alikuwa amesema atazungumza nao baada ya chakula. Lakini Ami Murshid, ambaye hawezi kukaa bila mzaha, akaniona nimenuna akasema, "Khawla, usininunie bwana. Kadi yako juzi imeniokoa. Nilikuwa nimechelewa benki, nikaegesha mlangoni, nikaruka ndani kama swala!"

Wakacheka. Azzam akacheka. Bibi naye akatabasamu, anapakua.

Nikasimama.

"Mnajua nani hawezi kuruka?" nikasema. "Bibi! Bibi magoti yake yamekwisha. Anashuka ngazi kiubavu mkiwa hamumuoni. Yeye ndiye aliyepaswa kuwa na kadi, ila anaona haya kuiomba. Ugonjwa wake ni fedheha, wangu mimi ni kitu cha kugawa!"

Upawa ukabaki mkononi mwa Bibi, wali unadondoka kwenye kitambaa cha sufra. Akanitazama. Nilikuwa naujua ule mtazamo, kwa sababu wiki nzima nilikuwa nao mimi kila nilipopita mbele ya kioo. Nilitamani kuyarudisha maneno yangu mdomoni, lakini yalikuwa yameshatoka.

"Mama," Baba akasema, "ni kweli?"

Bibi akaweka upawa chini. "Kweli," akasema. "Mwaka wa tatu huu."

Shangazi Mahbuba akaanza kulia. Bibi akamnyamazisha kwa mkono, kisha akavuta sinia tupu mbele yake.

"Nendeni kila mtu garini kwake. Leteni kadi."

"Mama, tumalize kula kwanza," Ami Murshid akasema.

"Nenda, Murshid."

Wakaenda. Sinia likajaa picha zangu, mimi watano nikitabasamu. Bibi akaagiza mkasi. Akajaribu kukata ya kwanza, lakini plastiki ilikuwa ngumu na vidole vyake havikuwa na nguvu. Akanipa mimi mkasi. Vyangu navyo havikuweza. Tukatazamana, mimi na yeye, mkasi katikati yetu.

"Azzam," akasema Bibi, "wewe ndiye uliyezitia plastiki. Kata."

Azzam akakata moja baada ya nyingine, masikio yamemwiva kwa aibu. Alipomaliza akaniambia, "Nisamehe, Khawla. Nilidhani haimdhuru mtu." Nikamwambia aende akamweleze hivyo kaka yake Balqees, na wenzake wote chuoni. Akaenda kweli, nashukuru.

Jumapili, ambayo huku ni siku ya kazi, Baba alikwenda kwenye ofisi ya vibali kueleza kila kitu bila kuficha. Wangeweza kutufutia kibali kabisa. Walikichukua, wakampa onyo kali la maandishi, na ikatubidi tusubiri wiki tatu ndipo wakatoa kipya. Wiki tatu hizo nilitembea umbali ambao sikustahili kuutembea, kwa kosa ambalo si langu, na sitakudanganya kwamba sikukasirika. Nilikasirika sana. Ami Murshid alinibebea mkoba kila asubuhi mpaka mlango wa darasa, bila mzaha hata mmoja.

Usiku wa ile Ijumaa ya mkasi... hapana, ilikuwa bado jioni, jua halijazama, Bibi aligonga mlango wangu. Nikafungua. Alikuwa na taulo, mvuke unatoka.

"Nimeitoa siri yako, Bibi," nikasema kabla hajaketi. "Nisamehe."

"Na mimi nimekuvunjia ahadi. Mimi ndiye niliyeanza, tena mimi ni mtu mzima." Akaketi taratibu, safari hii bila kuficha kwamba goti linauma. "Sikiliza, mjukuu wangu. Chakula changu nikikigawa, nimetoa changu, na nna haki. Kadi ile haikuwa yangu. Haikuwa hata ya kwetu. Umepewa wewe kwa sababu ya mwili wako, na mwingine kapewa kwa sababu ya wake. Mimi nikiigawa, nakunyang'anya wewe na mzee yeyote wa kiti cha magurudumu, halafu najiita karimu. Huo si ukarimu. Ni uongo uliotiwa plastiki."

"Na kwa nini hukuomba yako?"

"Niliona haya. Wewe nikakwambia usione haya, na mimi mwenyewe nikaona. Ndiyo maana nilitaka ile yako iwe mchezo wa nyumba nzima, isiwe alama ya ugonjwa wa mtu yeyote. Ugonjwa si aibu, Khawla. Aibu ni kuchukua nafasi ya mgonjwa."

Kisha akanifunga taulo.

Balqees nilimweleza yote, hata yale yasiyonipendeza kuyasema. Mwalimu wetu alituruhusu kuonyesha falaji letu mbele ya shule nzima. Nilieleza zamu za maji kuanzia mwanzo hadi mwisho, Balqees kasimama pembeni yangu, na nilipofika pale pa shamba linalokauka alinifinya mkono. Alinifinya polepole, kwa sababu anajua.

Mwezi uliofuata Baba alimpeleka Bibi kwa daktari, halafu kupigwa picha ya kibali chake mwenyewe. Alikataa kuketi mbele ya kamera mpaka nikaja mimi kumweka sawa mtandio. Pichani alitoka amekunja uso, lakini ni yeye.

Jumamosi moja tulikwenda naye kule Bawshar. Nafasi ya ubavuni mwa lifti ilikuwa wazi. Elias akakaribia, akainama kutazama kioo: kadi yangu, na ya Bibi kando yake. Akatazama ndani ya gari, mbele kisha nyuma, akacheka.

"Karibuni sana," akasema. "Leo picha zimekuja na wenyewe."

Bibi akatoa mguu mmoja. Wa pili ukakataa. Gari moja nyuma yetu likapiga honi, na nikaona anataka kuurudisha mguu ndani, afunge mlango. Nikamshika mkono.

"Pole pole, Bibi," nikamwambia. "Hakuna anayetufukuza."